Waya mmoja wa USB-C au HDMI na chaja yake? Kuunganisha laptopu na skrini ya nje, ipi yafaa pesa zako

Kila anayekuja kwangu Likoni, hapa Mombasa, akaiona meza yangu huuliza swali lile lile, hii laptopu inachajiwa na nini? Maana juu ya meza kuna laptopu, skrini ya inchi 24, kibodi, mausi, na waya mmoja mweusi unaotoka nyuma ya skrini kuja kwenye laptopu, basi. Chaja haionekani. Chaja iko ndani ya begi na huwa haitoki humo mpaka nifike ofisini town. Ule waya mmoja unapeleka picha kwenye skrini, unaleta chaji kwenye laptopu, na kibodi na mausi nimezichomeka nyuma ya skrini zinapitia humo humo.

Kazi yangu ni kliaringi, makaratasi ya makontena, kwa hio siku nzima manifesti, ile orodha ya mizigo, iko upande huu na Excel upande ule, ukifanya kwa skrini moja ya laptopu jioni macho yanawaka kama yametiwa pilipili. Na asubuhi feri haimngoji mtu. Nikimaliza chai nachomoa waya mmoja, nafunga laptopu, nshatoka. Zamani nilikuwa nachomoa HDMI, ule waya wa picha, nachomoa chaja, nachomoa kile kidude cha mausi, halafu niko katikati ya maji ndio nakumbuka chaja nimeiacha imening'inia ukutani.

Lakini sitaki kukudanganya kwamba kila mtu yampasa kuwa na meza kama yangu. Wiki mbili zilizopita ami yangu alinipigia simu akiwa dukani, nikamwamkia, akaitika marahaba, kisha moja kwa moja, "Mwanangu, hapa naambiwa ninunue skrini ya USB-C ndio ya kisasa, niongeze pesa nichukue?" Nikamuuliza, ami, laptopu yako si ni ile ile ya zamani? Akasema ndio. Basi nikamwambia rudisha pesa mfukoni, hio laptopu yako haina hata tundu la USB-C, utanunua skrini ya bei kubwa halafu uichomeke na HDMI kama za wenzako. Kwa hio kabla hujalinganisha skrini na skrini, geuza laptopu yako ubavuni uangalie ina nini.

Tundu lenyewe

USB-C ni umbo la tundu, uwezo ni habari nyengine. Kile kitundu chenye pembe za mviringo unachochomeka waya upande wowote kilitoka 2014, kina pini 24 ndani, lakini aliyeunda laptopu ndiye anayeamua zile pini zifanye kazi gani. Utakuta laptopu mbili zimekaa sambamba kwa meza ya duka, matundu pacha, moja inatoa picha nyengine inatoa data peke yake, na muuzaji anakwambia zote USB-C, na wallahi hadanganyi, ni USB-C zote.

Unachotafuta wewe ni vitu viwili. Cha kwanza ni uwezo wa kutoa picha, wenyewe wanauita DisplayPort Alt Mode. Cha pili ni kupokea chaji kupitia hapo hapo, hio inaitwa Power Delivery. Ukiona alama ya D iliyokumbatiana na P kando ya tundu, picha inatoka. Ukiona alama ya radi yenye ncha ya mshale, hio ni Thunderbolt, yaani USB-C yenye uwezo mkubwa zaidi, na hapo picha inatoka bila shaka. Ukiona SS peke yake, alama ya spidi ya data, hapo ingia shaka. Usipoona alama yoyote bado usikate tamaa, MacBook hazina alama hata moja na zinatoa picha vizuri tu.

Na hapa kuna jambo watu hawalijui. Laptopu za ofisi za mtumba, hizi za eks-UK, kwa mambo haya mara nyingi zinazishinda laptopu mpya za bei ya chini. ThinkPad T480 ina matundu mawili ya USB-C, yote mawili yanatoa picha na kupokea chaji, moja likiwa Thunderbolt 3. EliteBook 840 G5, ambayo ndio yangu, ina Thunderbolt 3 pia. MacBook Air ya M1 ya 2020, matundu yote mawili. Halafu unakuta mtu kamnunulia mwanawe laptopu mpya ndani ya boksi, plastiki bado iko juu ya skrini, na ile USB-C yake ni ya flashi tu.

Waya ndio ulionitia hasara

Nilipopata skrini yangu, Dell P2419HC ya mtumba, waya wake haukuwemo. Nikasema kitu gani, USB-C si USB-C? Nikachukua waya wa chaja ya simu, nikachomeka. Laptopu ikaanza kuchaji vizuri, taa ikawaka, na skrini ikaniandikia haioni signali. Nikachomoa nikageuza, nikazima nikawasha, nikapakua draiva, nikaweka sasisho la Windows usiku kucha na bando zangu zikaisha. Asubuhi nikaamini skrini ni mbovu nimeuziwa mbuzi ndani ya gunia. Nikaibeba na feri mpaka kwa fundi, akanitazama, akafungua droo akatoa waya mnene kidogo kuliko wangu, akachomeka. Picha ikaja palepale. Hakunitoza kitu isipokuwa bei ya ule waya.

Waya mwingi wa kuchajia simu una nyuzi za chaji na zile za USB 2.0 tu, ile USB ya zamani ya mwendo wa pole pole, nyuzi za kupitisha picha hamna kabisa ndani. Na hili sio la waya wa barabarani pekee, hata waya mweupe wa Apple unaokuja na iPhone 15 hauwezi kutoa picha, ingawa simu yenyewe inaweza. Kwa hio ukinunua soma maandishi, uwe umeandikwa spidi, giga 10 au 20 au 40 kwa sekunde, ukiona umeandikwa wati peke yake bila spidi jua huo ni wa chaji. Wati nazo ziangalie, waya wa kawaida mwisho wake ni wati 60, ukitaka zaidi ya hapo lazima uwe ule wenye kichipu ndani, wa wati 100 au wa 240. Na usitafute waya mrefu, mita moja inatosha, waya wa Thunderbolt 3 wa kawaida unaokwenda giga 40 kamili hata haufiki mita, ni sentimita 80.

Sasa tulinganishe

HDMI na chaja yake kando. Hii ndio ya wengi na haina aibu. Waya unaupata duka lolote pale Digo Road, karibu kila skrini ina tundu lake, sauti inapita, picha inapita. Chaji haipiti, kwa hio chaja itabaki mezani, na mausi na kibodi vitakwenda kwenye laptopu. Waya tatu nne basi. Tatizo lake la kweli ni moja tu, na linakuhusu ukiwa na skrini ya 4K, ile yenye picha kali zaidi. Laptopu nyingi za miaka ya 2015 mpaka 2018 zina HDMI 1.4, na hio kwa 4K inafika hezi 30 tu, yaani skrini inachorwa upya mara 30 kwa sekunde, ukisogeza mausi kishale kinakufuata nyuma kama mtoto aliyechoka kutembea. HDMI 2.0 ndio inafika 4K kwa hezi 60. Kama skrini yako ni ya 1080p, ile ya kawaida, hayo yote yasikusumbue, HDMI ya zamani inatosha na kubaki.

Skrini yenye USB-C yake. Hii ndio yangu. Uzuri wake nshausema, raha yake ni kuchomoa na kuondoka, kurudi na kuchomeka. Ukiifunga laptopu bado skrini kubwa inaendelea, kwa Windows unaweka tu kwamba ukifunga kifuniko isifanye kitu, kwa MacBook lazima iwe inapata chaji ndio ikubali, na chaji inaipata kwa waya huo huo. Ubaya wake ni bei, skrini ile ile ya inchi 24 ukitaka yenye USB-C unaongeza pesa ya maana, mimi ya mtumba nilitoa karibu mara mbili ya ile isiyokuwa nayo. Kitu cha kuangalia ni wati inazotoa. Yangu inatoa 65, kwa laptopu kama yangu zatosha kabisa. Lakini kama una laptopu kubwa ya kuhariri video au ya gemu, chaja yake ni wati 130 au zaidi, utaona imeandika inachaji huku betri yashuka pole pole. Ziko nyengine za wati 90. Na ziko zilizo na tundu la intaneti ya waya nyuma, P2422HE kwa mfano, hapo waya mmoja unaleta hadi intaneti, mimi hio naitamani.

Kama skrini yenyewe ni 4K jua pia kuna kitu kwenye menyu yake kinachouliza unataka picha nzuri zaidi au spidi ya USB zaidi. Njia za ndani ya waya ni nne, picha ikichukua zote nne, flashi na hadidiski uliyochomeka nyuma ya skrini zinabaki na spidi ya USB 2.0. Mtu atalalamika skrini yangu inahamisha mafaili kwa mwendo wa kobe, kumbe ni hapo tu.

Habu, kile kisanduku kidogo. Hapa ndipo ningewaelekeza watu wengi, tena bila kufikiria mara mbili. Unachukua skrini yoyote ya HDMI, hata ile uliyonayo, unanunua kisanduku cha USB-C chenye HDMI, USB mbili tatu, na tundu la kuchomekea chaja yako ya USB-C. Skrini inaingia kwenye kisanduku, chaja inaingia kwenye kisanduku, mausi inaingia kwenye kisanduku, na kisanduku kinaingia kwenye laptopu kwa kiwaya kimoja. Nyuma ya meza kuna fujo la waya kama mtego wa samaki, lakini upande wako wewe unachomoa kimoja. Chaja itakuwa imekwama hapo mezani, kwa hio ukitembea na laptopu utataka chaja ya pili.

Kasoro zake nazo zipo. Kisanduku chenyewe kinakula wati kadhaa, chaja ya 65 haifiki laptopu ikiwa 65. Kinapata moto, na kwa joto letu la Januari na Februari usikiweke chini ya karatasi wala nyuma ya laptopu palipo na upepo wa moto. Vya bei rahisi vingi vimeandikwa 4K kwa herufi kubwa na hezi 30 kwa herufi za sisimizi. Kwa 1080p tena haina neno.

Usichanganye habu na ule waya wa kipande kimoja wenye USB-C huku na HDMI huku. Huo ni mzuri, ni rahisi, mimi ninao begini wa kwenda nao kwa wateja, lakini haupitishi chaji na unakwenda upande mmoja tu, kutoka laptopu ya USB-C kwenda skrini ya HDMI. Ukitaka kinyume chake hautakusaidia.

Doki ya Thunderbolt, yaani habu kubwa yenye stima yake. Hii ni ya wenye skrini mbili za 4K, hadidiski za nje, kamera, mambo mazito. Giga 40, chaji humo humo, matundu mpaka usahau. Za mtumba zipo mjini zinatoka na zile laptopu za ofisi, tatizo ni kwamba doki hizi zina adapta zao kubwa kama tofali na mara nyingi zinauzwa bila hio adapta, ukienda kuitafuta ndio unajua kwa nini bei ilikuwa nafuu. Kwa mtu wa skrini moja, hii ni kuchukua lori kwenda kununua mkate.

Halafu kuna zile za DisplayLink zinazopitia USB ya kawaida, ile ya pembe nne. Hizi zinataka programu iwekwe, na picha inatengenezwa na laptopu yenyewe kwa jasho lake ikapitishwa kama data. Kwa Excel na barua pepe hutaona tofauti. Kwa video utaiona, na filamu za kulipia kwa Mac zaweza kukupa skrini nyeusi. Ningeichukua kwa watu wawili tu, mwenye laptopu isiyo na njia nyengine ya kutoa picha, na mwenye MacBook Air ya M1 au M2 anayetaka skrini mbili za nje, maana hizo kwa asili zinakubali moja tu.

Stima na chumvi

Ulinganisho wa watu wa Ulaya hauna sehemu hii lakini sisi tunaijua. Stima zikipotea, laptopu inaendelea kwa betri yake, skrini inazima, sawa kwa njia zote. Lakini kwa skrini ya USB-C, kila kilichochomekwa nyuma yake kinakufa pamoja nayo. Kibodi, mausi, na kama ulikuwa unahamisha faili kwenda hadidiski ya nje, imekatika katikati. Na habu pia, chaji ikikatika ghafla inajipanga upya, kwa sekunde moja vitu vyote vinachomoka na kurudi, mimi flashi yangu moja iliharibika mafaili hivyo hivyo. Tangu siku hio hadidiski huichomeka kwenye laptopu moja kwa moja, ubavu wa pili, hata kama meza haipendezi.

Na mwenye UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia stima zikipotea, asikilize hapa. Skrini yangu yenyewe inakula kama wati 20, lakini kwa sababu inachaji laptopu, UPS inaiona kama kitu cha wati 80 na zaidi. Yaani UPS yako ndogo inatumia betri yake kujaza betri nyengine ambayo ilikuwa imejaa nusu tayari, na dakika zako zinakwisha haraka. Hapo mwenye HDMI anatucheka, skrini yake kaiweka kwa UPS, chaja kaiacha ukutani, giza likija skrini yake inadumu kuliko yangu. Dawa niliyoipata ni kuzima ule uchaji kwenye laptopu inapoweza, au kuhakikisha laptopu iko karibu kujaa kabla ya ile saa ya jioni ambayo stima hupenda kupotea.

Chumvi ya hewa nayo. Huku kwetu dirisha likiwa wazi bahari inaingia ndani, na zile pini za USB-C ni ndogo sana, waya ukikaa umechomolewa wiki kadhaa unaona kichwa chake kimeshika rangi ya kijani, picha inaanza kupepesa ukigusa. HDMI inastahimili kidogo zaidi kwa vile pini zake ni pana. Mimi husafisha kwa spiriti na burashi laini ya meno, laptopu ikiwa imezimwa, kisha naacha ikauke kwa feni. Na mlango wa USB-C ukilegea hauna skurubu za kuushika kama ule wa VGA, ule waya wa skrini za zamani, ukiwa na watoto nyumbani pitisha waya nyuma ya meza, wasije wakaukwaa kwa miguu.

Ningekuwa wewe

Laptopu haitoki nyumbani, au haina USB-C ya picha, chukua HDMI na umalize. Ami yangu ndio alivyofanya, akabakisha pesa akanunua na feni. Laptopu ina USB-C nzuri na skrini tayari unayo, nunua habu na chaja ya ziada. Unanunua kila kitu upya na kila siku uko njiani kama mimi, tafuta skrini yenye USB-C yake ya wati 65, hata ya mtumba, na waya wake uwe ndani ya boksi.

Usinunue kwa maneno lakini. Beba laptopu yako mpaka dukani pamoja na ule ule waya utakaoutumia. Chomeka, bonyeza kitufe cha Windows na P, chagua kupanua skrini. Ingia kwenye mipangilio ya skrini usome hezi, ikiwa 30 uliza kwa nini. Angalia alama ya betri kama inachaji. Chomeka flashi nyuma ya skrini ufungue faili moja. Tikisa waya kidogo kwenye tundu, picha isipepese. Muuzaji akianza kusema kwani wewe fundi, mwambie hapana, mimi natoka Likoni na kurudisha hii skrini ni foleni ya feri mara mbili.